Papa Evode Bauma na benchi la watu wa Kashebere

Ting. Kimya kidogo. Ting.

Kila Desemba, wiki moja kabla ya Jioni ya Zawadi, Papa Evode Bauma huketi sakafuni katika ofisi yetu ya Nyabiondo, amezungukwa na mabeseni mapya, na kuyagonga moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Hugonga, huinamisha kichwa, husikiliza. Beseni zima huimba hadi ukutani. Beseni lenye ufa hutoa sauti butu, nalo huwekwa kando hata kama jicho halioni kitu, kwa sababu, asemavyo yeye, mama wa watu hawezi kutembea saa tano na zawadi kichwani, halafu afike nyumbani na kitu kinachovuja. Mimi huwa mezani nikipiga mashini ya kuandikia, na huacha kupiga ili nisikie. Ijumaa iliyopita aliyagonga kwa mara ya mwisho. Niliyasikiliza yote bila kuinua macho, maana sikutaka aone uso wangu.

Papa Evode anastaafu Jumamosi hii, tarehe 20 Desemba 1969, baada ya miaka kumi na tisa na miezi mitatu katika Sanduku la Akiba la Nyabiondo. Kamati imeniomba mimi, Adelaïde, mwandishi wa ofisi, niandike safari yake ya kazi kwa ajili ya karatasi hii mtakayoishika mkononi kwenye sherehe. Nimeipokea kazi hiyo kwa furaha, na kwa uzito pia, ambao nitaueleza mahali pake.

Alizaliwa Kalembe, baba yake mtu wa milimani, mama yake mtu wa msituni, upande wa Kashebere. Anapenda kusema kwamba mguu wake wa kushoto ni wa Masisi ya milima na wa kulia ni wa Walikale ya msitu, ndiyo maana viatu vyake havichakai sawasawa. Katekista alimfundisha kusoma na kuandika. Akachoma matofali, akalima maharagwe na muhogo, na tarehe 18 Septemba 1950 akaingia katika Sanduku kama mlinzi na mfagiaji. Miaka miwili baadaye wakubwa wa wakati huo walitafuta mtu wa kuzunguka vijijini kupokea akiba. Walitaka mwenye diploma. Hawakupata mwenye diploma aliyekubali kutembea. Papa Evode alikubali kutembea.

Namna yake ya kufanya kazi haijaandikwa katika kitabu chochote cha ofisi. Hakuwahi kufungua daftari akiwa amesimama. Aliketi kwanza, akauliza mgonjwa wa nyumba anaendeleaje, maharagwe yamepona mvua au hapana, mtoto aliyekwenda Sake ameandika barua. Akiba ilikuja mwishoni, kama kitu kidogo kilichokuwa karibu kusahauliwa. Na pale ambapo bonde lilikuwa refu mno kushuka na kupanda mara mbili kwa siku, alisimama upande huu wa mlima, akaweka viganja mdomoni na kuita jina. Kutoka upande wa pili mtu aliitika, akajua kwamba kesho Papa Akiba atapita. Wengi wenu mlioketi hapa mliitwa hivyo, kwa majina yenu yote, mbele ya mlima mzima.

Jioni ya Zawadi yenyewe ni wazo lake. Mwaka 1957 wakubwa walitaka kumtuza mwenye akiba kubwa kuliko wote. Papa Evode akauliza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kama mwenye vingi hajapata zawadi yake tayari. Tangu siku hiyo zawadi huenda kwa asiyekosa mwezi, hata kama alichoweka kingeingia ndani ya ganda la karanga. Leo masanduku ya akiba ya Sake na Rutshuru hutuma wajumbe wao kutazama tunavyofanya, na huondoka wakiandika.

Nani amesahau sherehe ya mwaka 1959? Papa Viateur, prezida wetu tangu wakati huo, alisoma jina la Verdiane. Mama Verdiane akatoka, akapewa jembe. Akasoma jina la pili, la Kihunde. Mama Verdiane akatoka tena, akapewa beseni. Akasoma la tatu, Mama Faustin, na yule yule akasimama, jembe begani na beseni kichwani.

"Mama, wewe tena?" Papa Viateur akauliza. "Uko bantu ngapi?"

"Niko mumoja, Papa Prezida. Lakini ule wa kwanza padri njo alimupa jina. Wa pili iko wa baba yangu. Na huyu wa tatu anaweka ya masomo ya Faustin. Uliza Papa Evode kama kuna mumoja kati yetu alikosa mwezi."

Watu walicheka hadi mbuzi waliofungwa nje wakaanza kulia. Sheria ilisema mtu mmoja, kitabu kimoja cha akiba, na kamati ilitaka vitu virudishwe. Papa Evode alifungua daftari lake, akapitisha kidole, akasema kwamba ni kweli, wote watatu hawakukosa. Mama Verdiane alikwenda nyumbani na jembe, beseni na taa.

Hayo ndiyo ya kucheka. Sasa nifike mwaka 1961.

Miaka hiyo kulikuwa na kikundi cha Kashebere, familia tisa za wakulima na wawindaji, na kiongozi wao alikuwa Papa Hubert. Kutoka kwao hadi hapa ni siku nzima kwa miguu. Kwa miaka minne hawakukosa hata mwezi mmoja, na mwaka ule kamati iliwapa zawadi ya kwanza: kikwembe kipya ambacho kiongozi angevikwa mabegani mbele ya watu wote. Lori la mfanyabiashara lilipoleta vikwembe, Papa Evode alikuwa katika mizunguko yake. Aliacha maneno kwa msichana mmoja wa shule aliyekuwa nyumbani kwa likizo: achague kile kizuri, akifunge katika karatasi, akiweke kabatini.

Msichana alikuwa na miaka kumi na minne. Alisoma Bukavu kwa masista, na Sanduku ndilo lililolipa nusu ya masomo yake, kama linavyomlipia mtoto mmoja kila mwaka. Vikwembe vilikuwa vitatu: cha maua, cha ndege, na cha madoa ya chui. Akachukua cha madoa, kwa sababu aliwaona wanawake wa mjini wakikivaa Jumapili. Alikuwa anaweza kutaja wafalme wa Ufaransa kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine. Hakujua kwamba hapa kwetu chui ana mwenyewe: ngozi yake ni ya Mwami, mtawala wetu, na mtu wa kawaida hajifuniki madoa yale hata kama yametoka kiwandani.

Msichana huyo ni mimi. Hadi wiki iliyopita, watu wawili tu walilijua jambo hili.

Jioni ya sherehe nilipewa kazi ya kumvika, nikakifungua kikwembe mbele ya watu. Papa Hubert alikitazama, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Nilidhani anaona haya, kama wazee wengi wanapoitwa mbele. Nikasimama juu ya vidole vya miguu na kumfunika mabega, nikakivuta vizuri mbele, hata nikatabasamu. Mjumbe wa Mwami alikuwa ameketi mstari wa kwanza. Halafu mtu mmoja huko nyuma, ambaye leo hakuna anayekubali kwamba ni yeye, akapaza sauti:

"Mwami mupya! Mupigieni magoti!"

"Eh, Mwami wa Kashebere," akadakia mwingine, "mbuzi za kodi tukuletee ku wapi?"

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu wengine walicheka. Mjumbe wa Mwami hakucheka.

Papa Hubert alikivua kikwembe. Alikikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka mezani mbele ya kamati, taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Tulikuja juu ya kushukuru," alisema. "Kumbe mulituita juu ya kutuchezea."

Akatoka, na watu wake wote nyuma yake, katika mvua. Baadaye tulisikia kwamba alilazimika kwenda kujieleza kwa Mwami kuwa hakutaka ukubwa wa mtu, na kwamba hakwenda mikono mitupu. Hakuna mtu wa Kashebere aliyerudi katika Sanduku.

Asubuhi yake kamati iliketi. Nilikuwa nyuma ya mlango na sanduku langu la nguo, nasubiri lori la kwenda Goma. Nilisikia Papa Viateur akiuliza ni nani aliyeleta kikwembe kile.

"Ni mimi nilikinunua," alisema Papa Evode.

Ilikuwa kweli. Alikinunua yeye, kwa fedha za Sanduku, bila kukiona. Aliishia hapo. Katika faili lake, kwenye mstari wa makosa, waliandika kwamba kwa uzembe wake kikundi cha Kashebere kilipotea. Lori lilipiga honi. Nikapanda.

Mnaomjua mnajua alichofanya baadaye, ingawa wengi mlikiita ukaidi wa mzee. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi aliondoka Nyabiondo alfajiri, akalala Kashebere, akarudi Ijumaa. Ni ile miaka mibaya ya vita tu, barabara zilipofungwa na watu wakawa porini, ndiyo ilimzuia. Hakuleta kitu kutoka huko. Katika daftari la mizunguko, mbele ya jina la Kashebere, kuna mwandiko wake ule ule, ukurasa baada ya ukurasa: nimefika, nimesalimia.

Niliajiriwa mwaka 1966, nikiwa na diploma yangu, na mwaka uliofuata kamati ilinituma nitembee naye nijifunze njia. Ndipo nilipoona. Tulifika Kashebere Jumatano jioni, matope hadi magotini. Alhamisi asubuhi aliketi juu ya gogo mbele ya nyumba ya kwanza, daftari juu ya mapaja, likiwa limefungwa. Wanawake waliokuwa wakimenya muhogo walianza kumchokoza kabla hajafuta jasho.

"Papa Akiba! Leo tena? Iko nini ya kukusanya huku?"

"Salamu, mama."

"Salamu haina kitabu!"

"Njo maana nazibeba mu kichwa."

"Na kichwa yako haijajaa tu? Tangu ule mwaka?"

"Iko na fasi kidogo," alijibu. "Huku nyuma, penye nywele ziliisha."

Walicheka, na mmoja wao akamletea ndizi za kupika katika sahani. Mwaka wa kwanza, aliniambia baadaye, hakuna aliyemwitikia. Mwaka wa pili walimpa kiti. Ndizi zilikuja baadaye sana. Papa Hubert mwenyewe alitoka nyumbani mwake, akaketi mbali kidogo, akapiga naye habari za mvua na za nguruwe pori walioharibu mashamba. Walizungumza kama saa nzima. Hakuna aliyetaja Sanduku, wala kikwembe, wala Nyabiondo. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao, na Papa Hubert hakunitambua. Nilikuwa nimekua.

Tuliporudi, juu ya mlima wa kwanza, nilishindwa kuendelea. Nilimuuliza kwa nini hakusema ile siku.

"Nisemaje?"

"Kwamba ni mimi."

Alichomoa kijiti kwenye soli ya kiatu kwanza. "Kamati njo ilikuwa inakulipia masomo," alisema. "Wangekutosha, wangekufukuza. Mutoto anatoka ku masomo mara moja tu, Adelaïde, harudiaki. Mimi wangenifanya nini? Wangeniambia nitembee? Si natembeaka?"

"Na Papa Hubert? Anafikiri ni wewe ulimuchezea."

"Anafikiri ni mimi, na ananipa ndizi. Basi iko karibu." Akatazama nyuma, kule tulikotoka, mahali msitu unapoanza na moshi wa nyumba hauonekani tena. "Siku moja watakuja wakae. Mama yangu alitoka kule. Kila mwaka nikiona ile fasi haina muntu, naona kama ni nyumba ya mama njo imefungwa."

Hiyo ndiyo maana ya benchi. Wageni wamekuwa wakiuliza. Katika kila Jioni ya Zawadi, mstari wa pili upande wa dirisha, kuna benchi moja ambalo Papa Evode hulifuta kwa kitambaa chenye maji na kubandika karatasi yenye jina la Kashebere. Watu husimama nyuma kwa kukosa viti, na benchi hubaki tupu. Mwaka juzi wajumbe wa Rutshuru walitaka kuketi. Aliwazuia kwa heshima kubwa.

"Musikasirike, wakubwa. Wenyewe iko mu njia."

Nilikuwa karibu naye aliposema hivyo. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nami nilitazama mlangoni, na naamini wengine pia walitazama.

Mwaka huu mambo mawili yameingia. La kwanza: kamati iliamua kwamba akiondoka yeye, kikundi cha Kashebere kifutwe katika daftari na benchi lipewe wageni. Ni uamuzi wa akili, sijui ningeupinga kwa neno gani. La pili: kwa mara ya kwanza masanduku ya akiba ya sehemu zetu yatatoa kwa pamoja Zawadi ya Utumishi kwa mfanyakazi mmoja, na itakabidhiwa hapa, Jumamosi hii. Kila kamati ilitakiwa kutoa jina. Sharti ni faili lisilo na kosa. Faili la Papa Evode lina kosa moja. Kwa hiyo kamati ilitoa jina la mwandishi wake, mwenye diploma na miaka mitatu ya kazi. Zawadi hiyo ina nafasi ya masomo ndani yake: miezi sita Bukavu, kujifunza uendeshaji wa vyama vya akiba.

Sitajifanya kwamba sikuitaka. Naikumbuka Bukavu kama mtu anavyokumbuka chumba alichokuwa peke yake na vitabu, na dirisha linalotazama ziwa. Tangu nirudi milimani, si siku nyingi zimepita bila kuiwaza. Karatasi ya jina langu ilipofika mezani kwangu ili niipige mashini, niliipiga vizuri, bila kosa hata la herufi, nikaiweka katika bahasha. Papa Evode alipita, akaiona anwani, akafurahi kwa ajili yangu.

"Unaona?" alisema. "Haukutoka ku masomo. Unarudia."

Usiku huo sikulala vizuri, na Jumatano asubuhi sikwenda ofisini. Nilituma neno kwamba sipo kwa siku mbili, nikachukua njia ya Kashebere peke yangu.

Nilimkuta Papa Hubert akinoa panga. Nilibaki nimesimama, maana sikustahili kukaribishwa kiti. Nilimwambia jina langu, na kwamba mwaka 1961 ni mimi niliyechagua kikwembe, ni mikono hii iliyomvika, na Papa Evode hakukiona hata kidogo kabla ya jioni ile. Aliendelea kunoa. Nilifikiri hakunisikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," alisema. "Ulikuwa mutoto wa miaka ngapi?"

"Kumi na mine, Papa."

"Na ulifikiri ni kitambaa tu."

"Nilifikiri ni kizuri."

Alimwita mke wake atoke ndani. "Pétronille, kuja usikie huyu. Anasema si Evode." Mama Pétronille akatoka, akanifanya niseme tena yote tangu mwanzo. Nilipomaliza aliweka mkono mdomoni.

"Miaka munane!" alisema. "Ule muzee tulimunyima hata mayi mwaka muzima! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ku masomo."

"Eeh. Masomo."

Papa Hubert alipima makali ya panga kwa kidole. Kisha akaniuliza sherehe ya mwaka huu inaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi alasiri.

"Saa kumi kule kwenu mvua inanyeshaka," alisema, akarudi kunoa.

Nilirudi kesho yake, Alhamisi, nikafika usiku, na asubuhi ya Ijumaa nilikuwa mezani kwangu Papa Evode alipoketi sakafuni na mabeseni yake. Alinisalimia, akauliza kama nilikuwa mgonjwa. Nilisema hapana.

Yeye atayasoma haya pamoja nanyi, katika karatasi hii. Papa Viateur ameisoma kabla haijapita kwenye mashini ya kuchapa, na hakufuta hata mstari mmoja, ingawa kamati yake haitoki vizuri ndani yake. Namshukuru kwa hilo.

Kuhusu mzee wetu, amesema atarudi Kalembe, kwenye shamba la baba yake, katikati ya milima na msitu. Papa Evode, umeyajua majina yetu yote, hata yale tuliyoyaficha sheria. Umetuita kutoka mlima wa pili tukaitika tukijua kwamba mtu anatujia. Tunakushukuru kwa kila alfajiri uliyoianza kwa miguu wakati sisi tukiota moto. Maharagwe yako yapate mvua ya kiasi, magoti yako yapumzike, na nyumba yako isikose mtu wa kuketi nawe asubuhi hata kama hana jambo la kukuletea. Ofisi itakuwa na kimya ambacho sisi wengine hatutajua kukijaza. Nenda salama, Papa, na ukae vizuri.

Limebaki jambo moja la kuarifu. Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya kamati na kusema yote yaliyo hapa juu. Papa Viateur akaniambia, "Adelaïde, Bukavu haitakuita mara mbili." Nikamjibu kwamba najua. Waliutoa mstari wa makosa katika faili la mzee wakaupeleka katika langu, nami nikaweka sahihi. Jumatatu, kabla ya jua kupanda, nililishika lori la Sake mwenyewe na kumkabidhi dereva bahasha mpya ya Zawadi ya Utumishi. Ndani yake kuna jina moja, la Bauma Evode, na barua yangu fupi ya kuiacha nafasi ya masomo.